Kilichomo Ndani ya Nguzo: Siku Moja Mjini Noto



Ipo miji ambayo mgeni akiitazama mara ya kwanza husema moyoni: watu wa hapa walibarikiwa. Noto ni mmoja wa miji hiyo. Uko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Sicilia, nchini Italia, kilomita zipatazo 30 kutoka Siracusa. Tuliufikia asubuhi kwa basi, Wakongo wanne kutoka parokia tofauti, na hatukuwa tumejiandaa kwa yale tuliyoyaona. Barabara kuu inanyooka kutoka mashariki hadi magharibi, na kandokando yake yamejipanga makanisa, nyumba za watawa na majumba ya wakubwa wa zamani, yote ya jiwe moja lenye rangi ya asali. Jiwe hilo ni la chokaa. Likitoka machimboni huwa laini, fundi hulichonga kwa urahisi, na baadaye hukauka na kuwa gumu. Ndiyo maana chini ya roshani za jumba la Nicolaci tuliona simba, farasi na nguva waliochongwa kana kwamba mchongaji alikuwa akifinyanga udongo.

Mtindo huo wa kujenga huitwa Baroko. Ulizaliwa Roma katika karne ya 17, nao hupenda kuta zinazopinda, ngazi zinazopanuka, nguzo zinazocheza na mwanga na kivuli. Unataka mtu anayepita njiani asimame na kuinua macho. Sisi tulisimama, tukainua macho.

Kisha tulipanda ngazi pana za Kanisa Kuu la Mtakatifu Nikola, tukaketi juu kupumzika. Mmoja wetu akasema kwamba ni neema kuketi mbele ya kuba ambalo halikutikisika tangu siku za mababu. Mzee mmoja wa mji alituuliza tunazungumza nini, tukamtafsiria. Alitabasamu, akatikisa kichwa. Kuba hilo, alisema, ni la juzi. Lile alilolijua yeye lilianguka usiku mmoja, pamoja na paa na nguzo, na vumbi lake likafika hadi mlangoni pake.

Maneno ya mzee huyo yalibadilisha matembezi yetu. Tulikuwa tumekuja kutazama nyuso za majengo. Tukaanza kuuliza kilichomo ndani yake.

Mji uliokufa siku ya Bwana

Noto tunayoiona leo si Noto ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa juu ya mlima Alveria, kilomita kama 8 kutoka hapa, mahali palipozungukwa na mabonde yenye kina. Ulikuwa mji wa ngome. Wakati wa utawala wa Waarabu ulipewa heshima ya kuwa makao makuu ya sehemu moja kati ya tatu za Sicilia, nayo sehemu hiyo bado huitwa Val di Noto. Wanormani walipokuja kukiteka kisiwa, Noto ilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho kabisa kusalimu amri, mwaka 1091. Watu wake walikuwa na sababu ya kuamini kwamba mlima wao ungewalinda milele.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Januari 1693, ardhi ilitetemeka. Nyumba kadhaa zilianguka, watu wakatoka nje kwa hofu, wakasubiri. Jumamosi ilipita kimya. Jumapili, tarehe 11 Januari, likaja tetemeko kubwa, mojawapo ya makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya Italia. Katika mashariki ya Sicilia walikufa watu wapatao 60,000. Mjini Catania peke yake, yapata theluthi mbili ya wakazi waliangamia, wakiwemo waliokuwa wamekusanyika katika kanisa kuu kusali. Noto ya mlimani ikawa rundo la mawe.

Wenzetu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika pande zote mbili za ziwa Kivu wakati watu walipokuwa kanisani. Wenzetu wa Goma wanaikumbuka tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka hadi katikati ya mji na kulimeza kanisa kuu. Anayesoma historia ya Noto akiwa ametoka kwetu haisomi kama hadithi ya watu wa mbali.

Ugomvi wa milima miwili

Vifusi vilikuwa bado vibichi wakati wakubwa walipoanza kubishana. Sicilia siku hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, na mwakilishi wake mjini Palermo alimtuma mkuu mmoja, Giuseppe Lanza, aliyeitwa Mtemi wa Camastra, kusimamia ujenzi wa Val di Noto. Uamuzi ulitolewa haraka: mji usirudishwe Alveria, uhamishiwe chini zaidi, karibu na bahari, kwenye mteremko wa kilima cha Meti. Huko kulikuwa na nafasi, maji, na njia rahisi ya kusafirisha mazao.

Lakini uamuzi wa haraka hauwi uamuzi wa wote. Wengi walitaka kubaki mlimani. Huko walikuwa wamezika wazazi wao, huko visima vyao vilikuwa bado vinatoa maji, na huko kila mtu alijua kiwanja chake kilianzia wapi. Waliosukuma mji uhamie Meti walikuwa na mali ya kuanzia upya. Wengine walikuwa na mikono tu. Malumbano yaliendelea kwa miaka, wengine wakijenga Meti huku wenzao wakidai kurudi Alveria, na ni mwanzoni mwa karne ya 18 tu ndipo ilipokuwa wazi kwamba Meti imeshinda.

Tukitembea tuliona alama za ugomvi huo katika mpangilio wa mji wenyewe. Kwenye mteremko, kando ya barabara pana, ndipo wakubwa na mashirika ya watawa walipojenga. Juu, mahali panapoitwa Pianalto, yaani uwanda wa juu, ndipo watu wa kawaida walipopewa nafasi. Njia za huko ni nyembamba na nyumba ni ndogo. Majumba ya chini yalijengwa kwa mapato ya mashamba makubwa ya ngano, yaliyolimwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na shamba lao wenyewe. Ni lazima kulisema jambo hili, kwa kuwa uzuri wa jiwe huweza kumsahaulisha mtazamaji jasho la waliolibeba.

Hata hivyo, katika Pianalto tulikuta kitu kilichotugusa kuliko majumba yote ya chini. Ndani ya kanisa la Msalaba Mtakatifu imo sanamu ya marumaru ya Mama Maria, kazi ya mchongaji Francesco Laurana ya mwaka 1471. Ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Ilitoka katika vifusi vya Alveria, ikaletwa hapa. Watu waliopoteza nyumba zao walichagua kubeba nini? Walimbeba Mama.

Mafundi

Mji mpya ulichukua zaidi ya miaka mia moja kujengwa. Waliotoa agizo hawakuuona umekamilika, wala watoto wao. Watatu kati ya waliouchora na kuujenga hukumbukwa kwa majina: Rosario Gagliardi, Vincenzo Sinatra na Paolo Labisi. Gagliardi alitoka Siracusa, na katika kumbukumbu za mwanzo anatajwa kama seremala tu. Sinatra alianza kwa kuchonga mawe. Hawakusomea kazi yao katika chuo kikuu; walijifunza kwa kushika nyundo, kwa kutazama michoro iliyotoka Roma, na kwa kufundishana. Kanisa la Mtakatifu Dominiko na lile la Mtakatifu Klara ni kazi za Gagliardi. Ukiingia katika hili la pili, utaona kwamba halina pembe; umbo lake ni kama yai, na nguzo zake hukuzunguka kama watu wanaokukaribisha.

Mwaka 1844 Noto ikawa makao ya askofu, na kanisa la Mtakatifu Nikola likapewa hadhi ya kanisa kuu. Mwaka 2002 shirika la UNESCO liliuandika mji huu, pamoja na miji mingine saba ya Val di Noto iliyojengwa upya baada ya 1693, katika orodha ya urithi wa dunia.

Walei wawili wa mji wa kale

Kabla ya kurudi kwenye kuba, inatupasa kuwataja wanaume wawili walioishi katika Noto ya mlimani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa padri.

Wa kwanza ni Mtakatifu Corrado Confalonieri, msimamizi wa mji. Alizaliwa kaskazini, katika ukoo wa kitajiri wa Piacenza. Siku moja akiwa mawindoni aliamuru vichaka vichomwe moto ili wanyama watoke. Upepo ukaubeba moto, ukateketeza mashamba. Maskini mmoja aliyekutwa karibu alikamatwa akahukumiwa kufa. Corrado angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Alijitokeza, akakiri, akauza mali yake kulipa hasara yote. Baadaye mkewe aliingia utawani kwa Waklara, naye akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, akatembea hadi Noto. Hapo aliwahudumia wagonjwa, kisha akaishi pangoni hadi kifo chake tarehe 19 Februari 1351. Baada ya tetemeko mabaki yake yaliletwa katika mji mpya, na leo yamo ndani ya kanisa kuu, katika sanduku la fedha.

Wa pili ni ndugu yetu Mwafrika. Wasicilia humwita Mwenyeheri Antonio wa Noto, au Antonio Mwethiopia, kwa kuwa siku hizo kila mtu mweusi aliitwa Mwethiopia. Alizaliwa Barca, katika nchi iitwayo leo Libya, akalelewa katika Uislamu. Alitekwa, akauzwa Sicilia kama mtumwa, akachunga mifugo ya bwana wake karibu na Avola. Alibatizwa; na alipopewa uhuru wake hakuutumia kukimbia watu waliomtumikisha. Alikwenda kuwahudumia wagonjwa wa Noto, akavaa vazi la Utawa wa Tatu, na mwishowe akajitenga kusali kama alivyofanya Corrado. Alifariki Noto katikati ya karne ya 16. Habari zake zilivuka bahari. Nchini Brazili, watumwa weusi walimheshimu kwa jina la Mtakatifu Antonio wa Categeró, na wengi kati ya watumwa wa nchi hiyo walikuwa wametolewa pwani za Kongo na Angola. Hivyo wazee wetu waliopelekwa kwa minyororo ng'ambo ya bahari walimpata huko msimamizi aliyeijua minyororo, aliyezikwa katika mji huu tulioudhani hauna uhusiano nasi.

Mji walioujua watu hawa wawili haupo tena. Walichokuwa nacho ndani kimebaki.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1996

Sasa turudi kwa yule mzee wa ngazini. Usiku wa tarehe 13 Machi 1996, bila tetemeko lolote la wakati huo, nguzo za upande wa kulia wa kanisa kuu zilikubali kushindwa. Paa la ukumbi wa kati likafuata, kisha sehemu kubwa ya kuba. Kwa kuwa ilikuwa usiku na kanisa limefungwa, hakuna aliyekufa. Saa chache tofauti, siku moja tofauti, na leo tungekuwa tunasimulia jambo jingine.

Wataalamu walipochunguza vifusi walikuta historia nzima imeandikwa humo. Nguzo zile zilikuwa zimevikwa nje mawe yaliyochongwa vizuri. Lakini ndani, katika moyo wa nguzo, wajenzi wa zamani walikuwa wamejaza kokoto kubwa za mto, mviringo na laini, zilizoshikanishwa kwa chokaa dhaifu. Jiwe la mviringo halishikani na mwenzake, linateleza. Kwa miaka mingi uzito wote ulikuwa umebebwa na ganda la nje.

Hayo hayakuwa yote. Katika miaka ya 1950 paa la mbao liliondolewa, likawekwa la zege, imara kwa macho lakini zito kwa nguzo. Tarehe 13 Desemba 1990, siku ya Mtakatifu Lusia, tetemeko lingine lilizidhoofisha nguzo hizo. Tena zilionekana nyufa za zamani zaidi, ambazo mikono ya mafundi fulani ilikuwa imezijaza na kuzifunika kwa lipu. Ukuta ulirudi kuwa mweupe. Waumini waliingia, wakasali, wakatoka, na nyuma ya ule weupe ufa uliendelea na kazi yake. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Noto inatufundisha kuongeza neno: kuna kuziba, na kuna kuficha.

Nguzo za kushoto

Jambo tulilorudi nalo nyumbani, zaidi ya picha zote, ni lile lililofuata. Nguzo za upande wa kushoto hazikuanguka. Zilisimama, nzuri kama zamani. Ingewezekana kuzipaka rangi, kujenga upya upande wa kulia peke yake, na kufungua kanisa mapema. Watu walikuwa wakilililia kanisa lao, nani angewalaumu?

Lakini zilichunguzwa, na ndani yake zilikutwa kokoto zilezile na chokaa ileile. Basi ukatolewa uamuzi mgumu wa kuzibomoa nguzo zilizosimama na kuzijenga upya, safari hii kwa mawe yaliyochongwa na kupangwa vema hadi moyoni. Kazi ilifanywa kwa jiwe la nchi yao na kwa njia za ujenzi wa asili, zikisaidiwa na elimu ya leo. Ilichukua miaka. Mlango wa kanisa kuu ulifunguliwa tena tarehe 18 Juni 2007, zaidi ya miaka kumi na moja baada ya usiku ule.

Tuliingia ndani tukaweka viganja vyetu juu ya nguzo moja ya kushoto. Kwa nje haina tofauti na picha za zamani. Mgeni asiyesimuliwa hawezi kujua kwamba moyo wake umebadilishwa.

Sisi tunaotoka katika nchi inayojengwa kila siku tunaijua kokoto ya mto. Tunaujua mfuko wa simenti unaopotea njiani kati ya duka na kiwanja cha parokia. Tunakijua kikundi chenye sare nzuri na wimbo mzuri, ambacho kitabu chake cha fedha hakijafunguliwa mbele ya wanachama tangu mwaka jana. Tunazijua chuki za zamani tunazozipaka lipu siku ya sikukuu, tukacheza pamoja, kesho yake kila mmoja akarudi upande wake. Na tunajua jinsi ilivyo vigumu kusema: sehemu hii bado imesimama, lakini tuifungue, tutazame ndani. Corrado alisema neno la namna hiyo juu ya nafsi yake, mbele ya watu ambao hawakuwa wamemshuku. Watu wa Noto walilisema juu ya nguzo zao.

Jioni tulitoka kupitia Lango la Kifalme, lililojengwa mwaka 1838. Juu yake kuna sanamu tatu: mnara, alama ya nguvu, mbwa, alama ya uaminifu, na katikati mwari, ndege ambaye wazee wa Kanisa walisimulia kwamba huwalisha makinda yake kwa damu ya kifua chake. Mawe yalikuwa yamegeuka dhahabu, kama tulivyoahidiwa. Tuliyatazama kwa furaha ileile ya asubuhi, ila sasa tulijua gharama yake.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni ufa gani tumeupaka lipu badala ya kuuziba? Nani anapaswa kusikia tukiutaja?

2. Noto ilipohamishwa, sauti za watu wa kawaida hazikupewa uzito uleule wa sauti za wakubwa. Tunapoamua jambo katika parokia yetu, nani hukaa Pianalto, mbali na meza ya maamuzi?

3. Antonio aliuzwa kama kitu, naye alipopata uhuru akawachagua wagonjwa. Uhuru wetu wenyewe, mdogo au mkubwa, tunautumia kwa ajili ya nani?

4. Ni nguzo ipi ya kushoto katika maisha yangu, inayosimama na kusifiwa, ambayo najua inahitaji kufunguliwa?